Udongo, Saruji na Hati ya Mshahara

Kati ya Kariakoo na Uhindini, pale Mnazi Mmoja, pana uwanja mrefu wa wazi ambao Dar es Salaam, kwa jinsi inavyogombania ardhi, ilipaswa kuwa imekwisha kuumeza. Watu hupumzika chini ya miti yake, na mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo. Wengi huuona kama bustani tu. Waingereza walioutenga katika miaka ya mwanzo ya utawala wao walikuwa wakichora mpaka: mashariki yake nyumba za mawe za Wahindi na Waarabu, na ng'ambo ya hapo, kuelekea bahari na bustani za serikali, Wazungu, magharibi yake Waafrika. Kisingizio kilikuwa afya. Madaktari wa zama zile waliamini kwamba damu ya Mwafrika ni ghala la malaria, na kwamba mbu aliyetoka kumuuma hatavuka uwanja mpana kwenda kumuuma Mzungu. Imani hiyo ilikufa zamani. Uwanja umebaki, na mgawanyo wa watu uliofanywa kwa ajili yake umebaki pia, ingawa majina yake yamebadilika mara nyingi.

Wajerumani ndio walioanza. Baada ya kuuhamishia utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, mji ambao Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, walitunga kanuni ya ujenzi mwaka huohuo. Kanuni iliagiza nani ajenge nini na wapi: upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, yaruhusiwe majengo ya Kizungu tu. Kufikia 1914 mji ulikuwa umegawanywa katika kanda tatu, na serikali ilikuwa imenunua sehemu ya shamba la Mjerumani Schoeller, magharibi ya mji, ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vikaingia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka wapagazi wa jeshi lao katika eneo hilo, na vita vilipokwisha Kariakoo ikaanza kugawiwa viwanja.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo naona ndilo mzizi wa habari yote. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini yaliikataza Uingereza kuwabagua raia wa nchi wanachama. India ilikuwa mwanachama. Kwa hiyo Waingereza hawakuweza kuandika waziwazi kwamba Mhindi haruhusiwi kuishi eneo fulani. Wakaandika habari za kuta. Kanda ya kwanza: nyumba za makazi za mtindo wa Kizungu, kiwanja kikubwa, nyumba moja tu. Kanda ya pili: makazi na biashara pamoja, lakini kwa vifaa vya kudumu, yaani mawe au saruji. Kanda ya tatu: jenga kwa chochote. Rangi ya mtu haikutajwa. Haikuhitajika kutajwa, maana mshahara wa karani au mpagazi haukuweza kununua ukuta wa kanda ya kwanza hata angejinyima maisha yake yote.

Na asingeweza kukopa. Mwaka 1923 serikali ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilielezwa kwamba ni ya kumkinga mwenyeji dhidi ya wakopeshaji. Wapo waliokingwa, sikatai. Lakini sheria hiyohiyo ilimfungia mlango wa benki mtu aliyetaka kuezeka kwa bati badala ya makuti. Tena mwaka huohuo ilikuja Sheria ya Ardhi, iliyoruhusu hati ya kumiliki hadi miaka 99, ilhali mwenye kiwanja Kariakoo alikaa kwa kulipa kodi ya mwaka hadi mwaka. Ukuta wa udongo, karatasi fupi, hakuna mkopo. Mambo hayo matatu yalishikana, na kila moja lilitumiwa kuhalalisha mengine: benki ilisema haikopeshi kwa sababu nyumba si ya kudumu, serikali ikasema haitoi hati ndefu kwa sababu nyumba si ya kudumu, na mwenye nyumba hakujenga ya kudumu kwa sababu hakuwa na hati wala mkopo.

Hata hivyo mji ulijengwa, na nyumba iliyoujenga inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko wanavyoiangalia wapangaji miji. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko, choo na kamba ya kuanikia. Zamani ilisukwa kwa boriti za mikoko na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati, kisha ukuta mmoja wa tofali za saruji, mwaka mwingine ukuta wa pili. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele na kuvipangisha vingine. Mgeni kutoka Morogoro au Kigoma hakuhitaji nyumba, alihitaji chumba, na chumba alikipata wiki ileile kwa kuuliza barazani. Hakukuwa na shirika wala bajeti ya serikali iliyomhudumia namna hiyo.

Wenye nyumba wengi wa Kariakoo walikuwa wanawake. Mwanamke aliyeachika, au mjane, au aliyeuza pombe, maandazi na vitumbua miaka kadhaa, aliweka akiba yake katika fito na udongo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Kodi ya vyumba vitano ilikuwa ndiyo pensheni yake. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu serikali ya baadaye, ya wazalendo, ililipita bila kulitazama sana.

Katika Vita Kuu ya Pili vitu vilipanda bei na watu wakamiminika mjini. Serikali iliweka udhibiti wa kodi za nyumba mwaka 1941, na mwaka 1944 ikatunga sheria ya kuwaondoa mjini Waafrika walioonekana hawana kazi. Ni vizuri kuzisoma pamoja: ile ya kwanza ilishusha bei ya chumba, ile ya pili ilipunguza wanaokitafuta, na hakuna iliyoongeza chumba hata kimoja. Mwaka 1947 makuli wa bandarini waligoma kwa sababu mshahara haukulingana na maisha, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Ndipo fedha za maendeleo kutoka London zikaanza kujenga kota za Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni. Zilikuwa nyumba nzuri kwa kipimo cha wakati ule. Wengi waliozipata walikuwa makarani, makondakta wa reli, walimu na watumishi wa serikali, watu ambao kodi ingeweza kukatwa katika mishahara yao kabla haijawafikia mkononi. Kuli wa siku aliendelea kukaa katika chumba cha udongo cha mama wa Kariakoo.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilitoa ramani kuu ya mji. Lugha ya kanda za ujenzi ikaachwa, ikaingia lugha ya msongamano: maeneo ya watu wachache, ya wastani, na ya watu wengi. Oyster Bay ikawa ya wachache. Upanga ikawa ya wastani, na jumuiya za Wahindi, hasa Waismailia kupitia vyama vyao vya mikopo, zikajenga humo fleti na nyumba za safu kwa watu wao wa kipato cha kati. Ilala na Magomeni zikawa za wengi. Ukiiweka ramani ya 1949 juu ya ile ya kanda tatu, mistari inakaribia kulingana. Kwa mtazamo wangu huu ndio ustadi mkubwa wa mipango miji: unaweza kubadilisha neno kila baada ya miaka ishirini bila kumhamisha mtu.

Siasa ya uhuru ilizaliwa upande wa watu wengi. Chama cha Waafrika kilikuwa na jengo lake mtaa wa New Street, Kariakoo, leo Lumumba, na humo chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Julius Nyerere, kiongozi wa chama hicho, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955, alikaribishwa katika nyumba za watu wa mji. Nyumba aliyoishi baadaye Magomeni leo ni makumbusho. Waliomchangia na kumfichia nyaraka walikuwa wenye nyumba na wapangaji wa mabarazani. Mtu angetarajia kwamba serikali yao itaitazama nyumba ya Kiswahili kwa jicho la jamaa.

Haikuwa hivyo. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962 na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuvunja. Vibanda vya udongo vilionekana aibu ya ukoloni. Taifa huru lilistahili tofali za saruji. Basi Magomeni, Ilala na kwingineko nyumba ya tope ikabomolewa, ikasimamishwa ya saruji mahali pake, na mwenyewe akaandikiwa deni la kulipa kidogo kidogo. Hesabu yake haikukaa sawa tangu mwanzo. Nyumba moja ilitoka, moja ikaingia, kwa hiyo shirika lilitumia fedha nyingi bila kuongeza makazi. Mwenye nyumba aliyekuwa na deni alipandisha kodi ya vyumba. Mpangaji aliyeshindwa alitoka, akaenda Keko, Buguruni au Manzese kujenga kibanda kipya cha udongo, yaani kile kilekile kilichotoka kuvunjwa, mbali zaidi na kazi yake. Kuhesabiwa kwa nyumba zilizojengwa nje ya mpango kunaonyesha hivyo bila maelezo marefu: karibu 7,000 mwaka 1963, karibu 14,700 mwaka 1969, karibu 28,000 mwaka 1972.

Wakati huohuo Oyster Bay ilipata wakazi wapya. Nyumba za serikali zilizokuwa za maofisa wa Kiingereza ziliingiwa na maofisa wa Kiafrika, na zilipangishwa kwa sehemu ndogo ya mshahara, kama alivyopangishiwa Mwingereza. Mtu wa mshahara mkubwa akalipa sehemu ndogo ya kipato chake kwa nyumba yenye bustani. Mtu wa chumba kimoja Manzese akalipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, na maji akanunua kwa debe.

Rais Nyerere aliliona pengo hili na lilimkera. Hotuba zake zinathibitisha. Serikali yake ilikuwa imekwisha kufuta umiliki wa ardhi wa milele mwaka 1963 na kuugeuza kuwa wa miaka 99 chini ya serikali. Azimio la Arusha la 1967 likaenda mbali zaidi: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Katika masharti yote ya uongozi, hili ndilo lililouma zaidi mjini. Waziri au katibu mkuu aliyejenga nyumba Oyster Bay na kuipangisha kwa balozi alikuwa mlengwa halali kabisa. Lakini sharti liliwakuta pia watu kama Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyewaleta wanawake wa mji TANU kwa maelfu. Naye alikuwa na nyumba za kupangisha, na hakukubaliana na sharti hilo wala hakuficha. Alikuwa akitetea mali yake, ndiyo. Alikuwa pia akieleza jambo ambalo wasomi waliolelewa mabwenini na kukaa nyumba za serikali hawakulijua kwa ngozi zao, kwamba kwa mwanamke wa Kariakoo asiye na mshahara, vyumba viwili vya kupangisha vilikuwa ndilo Shirika lake la Bima. Mfanyakazi wa serikali alikuwa na mshahara, nyumba ya serikali na pensheni. Kumwambia mtu wa namna hiyo asipangishe nyumba ni kumwondolea cha ziada. Wengine walikuwa na hicho tu.

Tarehe 22 Aprili 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Jengo lolote lililopangishwa na lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilichukuliwa na serikali. Kama lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, mwenyewe hakulipwa kitu, kwa hoja kwamba kodi zilikuwa zimekwisha kumrudishia gharama yake. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na kwa sababu ya historia ile ya kanda ya pili, karibu yote yalikuwa ya Waasia. Kipimo cha shilingi 100,000 kiliiacha salama nyumba ya Kiswahili. Safari hii aliyeumia ni pamoja na mjane wa Upanga aliyejengewa ghorofa kwa mkopo wa chama cha jumuiya, akakaa chini na kupangisha juu. Familia nyingi ziliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Sitaki kulia na matajiri. Palikuwa na watu wenye mitaa mizima. Ila sheria iliyopima kwa thamani ya jengo haikuwa na jicho la kutofautisha mwenye mtaa na mwenye ngazi moja.

Kilichofuata ndicho kinachoniwia vigumu kusamehe. Fleti za katikati ya mji zilipaswa kumnufaisha mnyonge, kwa kodi nafuu. Kodi ikawa nafuu kweli, nafuu kiasi cha kutotosha kupaka rangi wala kuziba paa, na waliozipata walikuwa watu wenye barua: watumishi, watu wa mashirika ya umma, wenye kujuana na ofisi. Kilemba kikashamiri. Mpangaji wa Msajili aliuza funguo zake kwa mpangaji mwingine kwa fedha nyingi, jina likabaki lilelile kwenye kitabu, na serikali ikaendelea kupokea kodi ya miaka ya sabini kutoka kwa mtu asiyemjua. Mnyonge alikuwa akiambiwa kwamba majumba yale ni yake, na aliyapita kila siku akielekea Kariakoo kupanda basi. Ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990, ikiwa imebeba rundo la majengo yaliyochakaa.

 

Mwaka 1972 serikali ilifanya jambo la busara ambalo halisifiwi vya kutosha. Baraza la Mawaziri liliamua kuacha kuvunja. Makazi yaliyojengwa bila mpango yangekubaliwa, yapelekewe barabara, maji na mifereji. Na pembeni yake vipimwe viwanja vyenye huduma ambavyo watu wa kipato cha chini wangejijengea wenyewe. Benki ya Dunia ikakopesha. Kuanzia 1974 Manzese ikapata barabara na maji, na viwanja vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Awamu ya pili ikafika Tabata na Mbagala, ikaboresha Mtoni na Tandika. Benki ya Nyumba, iliyofunguliwa mwanzoni mwa 1973, ingetoa mikopo ya vifaa.

Manzese ilinufaika, waliokuwepo walibaki, na nyumba zikapata thamani. Sinza ni habari nyingine. Mwenye kiwanja alitakiwa kujenga kwa vifaa vya kudumu na ndani ya muda. Benki ya Nyumba, ili ikukopeshe, ilitaka kuona hati ya mshahara. Fundi cherehani na muuza samaki hawakuwa nayo. Huku Ofisi ya Ardhi inamtaka ajenge kwa saruji, huku saruji yenyewe ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujuana. Wengi waliopewa viwanja waliviuza, wengine kabla hata ya kuchimba msingi, kwa watu waliokuwa na mshahara na gari la ofisi la kubebea mchanga. Leo Sinza na Kijitonyama ni za hoteli, baa na kampuni, na Mikocheni inapakana na wakubwa kwa kila maana. Kanuni ya kuta ya miaka ya ishirini ilikuwa imerudi, safari hii ndani ya mradi uliobuniwa kwa ajili ya maskini, na nina hakika wengi walioitia saini walikuwa na nia njema.

Miaka ya themanini fedha zilikwisha. Operesheni ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwakamata watu mitaani na kuwarudisha vijijini, kama ilivyofanya sheria ya 1944, na kwa mafanikio yaleyale. Benki ya Nyumba ilifilisika na kufungwa mwaka 1995. Nje ya mipango yote hiyo mji uliendelea kujijenga: Mbagala, Kimara, Tandale, Vingunguti, Gongo la Mboto. Mtu alimwendea Mzaramo mwenye shamba la mikorosho, wakapatana bei, mjumbe wa nyumba kumi na majirani wawili wakashuhudia, barua ikaandikwa katika karatasi ya daftari. Watu wa nje huwaita wakazi hawa wavamizi. Hawakuvamia; walinunua, kwa mashahidi, na barua zao huheshimiwa mtaani kuliko hati nyingi za serikali. Takriban asilimia 70 ya jiji lililokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022 linaishi kwa mpangilio huo.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikiri kwamba ardhi tupu ina thamani. Kabla yake mwenye shamba alilipwa minazi na miembe yake, udongo ukahesabiwa bure. Kisha, kuanzia 2004, wakati wa mawazo ya kurasimisha mali za wanyonge na mpango wa serikali wa kuyatekeleza, MKURABITA, wakazi wa maeneo yasiyopimwa wa Dar es Salaam walianza kupewa leseni za makazi ili wakopee benki. Leseni ya kwanza ilikuwa ya miaka miwili. Masaki, kwa wakubwa, hati ni ya miaka 99. Baadaye leseni iliongezwa ikawa ya miaka mitano, na benki nyingi ziliitazama kwa adabu na kuomba kuona hati ya mshahara. Kwa nchi nzima mikopo ya nyumba bado ni chini ya asilimia moja ya pato la taifa.

Miaka hiyohiyo serikali ilifanya mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2002 ilianza kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji, Bunju, Mbweni Mpiji, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingine. Wenyeji walilipwa fidia ya mashamba, viwanja vikauzwa kwa bei iliyowazidi wao wenyewe kuweza kurudi kununua kile walichotoka kukiachia. Na mwaka huohuo, chini ya Rais Benjamin Mkapa, zikaanza kuuzwa nyumba za serikali, pamoja na zile za Oyster Bay na maeneo jirani. Waliouziwa walikuwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, kwa bei ambayo Bunge lilikuja kuijadili kwa hasira. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mtumishi astaafu akiwa na kwake. Ni hoja nzuri, na mama wa Kariakoo alikuwa nayo tangu 1930. Nyumba ya kanda ya kwanza, iliyomfikia ofisa wa Mwingereza kwa rangi yake na ofisa wa Mwafrika kwa cheo chake, sasa ikawa mali ya familia, ya kurithiwa na kuuzwa kwa bei ya soko la Oyster Bay. Mwaka 2005 udhibiti wa kodi za nyumba ukafutwa, na mpangaji wa chumba akabaki na mwenye nyumba anayetaka miezi sita au mwaka mzima mkononi, pamoja na mwezi mmoja wa dalali.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, wengi bonde la Msimbazi. Baadhi ya waliookoka walipewa viwanja Mabwepande, mbali na kila kazi waliyokuwa wakiifanya, na wengi wakarudi bondeni. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bondeni, Jangwani na Mkwajuni. Nyumba zilizowekwa alama nyekundu ya X zilianguka, mvua za vuli zikiwa zinanyesha. Mwaka 2017 zikaanguka za Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Waliobomolewa Kimara walikuwa mchanganyiko wa watu wa kila kipato, na baadhi walikuwa na hati. Nadhani ndiyo sababu kelele zao zilisikika zaidi kuliko za Jangwani.

Kota za Magomeni ndizo zilizopata mwisho tofauti. Wakazi wake, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya kujengewa upya, wakakaa miaka wakipanga huku na huko na kuzunguka ofisi na mahakama. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza zijengwe. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizifungua, fleti 656 katika maghorofa matano, na wakazi wa zamani wakapewa kipaumbele, kisha nafasi ya kununua polepole. Ni jambo la kheri na nimefurahi kulishuhudia likitokea. Lilichukua muongo mzima, liliwahusu watu waliokuwa na majina katika daftari la serikali tangu zamani, na liliongeza fleti 12.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Thamani ya kiwanja haimo katika hesabu hiyo. Nyumba isiyo ya ghorofa, yenye bwawa la kuogelea Masaki, na nyumba ya vyumba sita Tandale, zote ni nyumba za kawaida, na kila moja inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka. Masaki anayenunua umeme ni mwenye nyumba, au kampuni iliyoipanga. Tandale ni wapangaji, wanaochanga kwenye mita moja na kugombana juu ya mwenye friji na mwenye pasi. Serikali imesema mpangaji apatane na mwenye nyumba ili akatwe kwenye kodi ya chumba. Mpangaji aliyekwisha kulipa miezi sita mbele hana cha kupatana hadi mwezi wa saba.